Kikombe cha Mbele

Mdogo wangu ndiye aliyenipeleka. Kazini kwake, uwanja wa ndege, walimpa tiketi mbili za kwenda kuonja bourbon, wiski ya Kimarekani, asante ya kufanya zamu za sikukuu ambazo wenzake walizikimbia. Mkewe hanywi. "Dada, twende," aliniambia kwenye simu. "Utakaa kwenye kiti, utaletewa. Umewahi kuletewa lini?" Nikakubali, maana ni kweli, sikuwa nakumbuka lini.

Ukumbi ulikuwa chini ya matao ya reli, mashariki ya London, si mbali sana na kwangu Barking. Kila treni ilipopita juu yetu glasi zilitetemeka. Mbele ya kila mtu palikuwa na karatasi yenye duara sita na kwenye kila duara glasi ndogo yenye tumbo, na ndani yake kioevu cha rangi ya chai ya rangi. Mwalimu wetu alikuwa Mmarekani mwenye aproni ya ngozi. Alisema bourbon ni lazima zaidi ya nusu yake iwe mahindi, na ni lazima ilazwe kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani mpaka likawa mkaa. Pipa hilo likishatumika mara moja halirudiwi, linauzwa kwa wengine. Akasimulia jinsi wakulima wa Kentucky walivyovuna mahindi mengi kuliko yale ambayo barabara za wakati huo ziliweza kubeba, wakaona heri kuyageuza pombe, na machicha wakawapa nguruwe. Akasema pia kwamba wengi waliokuwa wakiichemsha walikuwa watumwa, na kwamba majina yao hayakuandikwa kwenye chupa yoyote. Hapo mdogo wangu alinitazama, nami nikamtazama, kisha tukaangalia glasi zetu.

"Nuseni kwanza," mwalimu alisema. "Mdomo wazi kidogo."

Watu wakanusa. Mmoja akasema vanila. Mwingine akasema ngozi ya kiti cha gari la zamani. Mdogo wangu akaninong'oneza, "Mimi nasikia gunzi lililoungua. Niseme?"

"Sema, utuaibishe."

Nilicheka, lakini pua yangu ilikuwa imeshaondoka pale. Ilikuwa uani kwa mama, nyuma ya jiko, kwenye moshi na ndizi zilizochacha. Nikanywa glasi ya kwanza, nikanywa ya pili. Kisha mwalimu akachora mtambo ubaoni, tangi na bomba la shaba, akaeleza kwamba pombe inapoanza kudondoka, ile ya mwanzo kabisa haiuzwi. Wao huiita kichwa. "Hiyo inatupwa," alisema akicheka. "Ukimpa mgeni wako hiyo, usitegemee atarudi."

Watu wote walicheka. Mimi nilisimama. Sikupanga kusimama. Nilipita kati ya viti, nikatoka nje, nikatembea mpaka mwisho wa mtaa, nikageuka, nikarudi, nikaenda tena. Mdogo wangu akanikuta kwenye safari ya tatu, amenibebea koti na chupa aliyoninunulia dukani mwao, imefungwa kwa karatasi.

"Dada, umelewa? Kwa glasi mbili?"

"Joto."

"Joto gani, Februari hii?"

Nikachukua koti langu, na yeye hakuuliza tena. Kwetu sisi ndugu watatu, mimi ndiye ninayeuliza.

Mama alikuwa akipika gongo. Kagera nilikokulia jambo hilo halikuwa ajabu, ingawa lilikatazwa na mgambo walikuwa wakija kumwaga. Alikamua ndizi, akachanganya mtama, akaacha vichachuke, kisha akavichemsha kwenye pipa la bati. Bomba la shaba lilitoka kwenye pipa, likapita ndani ya mtumbwi wa maji baridi, na mwisho wake likadondosha. Kazi yangu, tangu nilipokuwa na miaka tisa, ilikuwa kukaa kwenye mdomo wa bomba na kikombe cha bati. Kikombe cha kwanza kikijaa, ninyanyuke, nikakimwage kwenye shina la mgomba wa mwisho, ule ambao haukuwahi kuzaa. Mama alikiita kikombe cha mbele. "Ya mbele si ya mtu," alisema. Alisema hivyo kila mara, hata nilipokuwa nimeshainuka na kikombe mkononi.

Baada ya hapo ndipo alipokinga madumu. Wateja wakifika, desturi ilikuwa mwenye pombe atangulie kuonja mbele yao, ili waone haina kitu. Nyumbani kwetu aliyeonja alikuwa baba. Alisimama mlangoni, akanywa, akasubiri kidogo huku watu wote wanamtazama, kisha akasema, "Karibuni." Alilipenda jambo hilo. Nadhani ndiyo saa pekee katika juma ambayo watu walimtazama.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita. Asubuhi ile kikombe cha mbele kilikuwa kimejaa, niko nacho mkononi, mama akapiga kelele kutoka upande wa pili wa nyumba, "Mbuzi yuko kwenye maharage!" Nikaweka kikombe juu ya jiwe, nikakimbia. Mbuzi yule alikuwa mkaidi, alinizungusha shamba zima. Niliporudi kikombe kilikuwa kitupu, na baba alikuwa amesimama karibu na jiwe, anapangusa masharubu.

Sikumwuliza. Nilichukua kikombe, nikakisuuza, nikakirudisha mahali pake.

Mchana wateja walikuja, akaonja mlangoni kama kawaida, wakanywa. Kesho yake jua lilikuwa limeshapanda, madirisha yote yako wazi, akauliza kutoka kitandani, "Mbona hamjafungua madirisha?" Siku iliyofuata alikufa.

Watu walisema ni pombe ya mama. Hawakusema kwa ukali. Walisema kwa huruma, na huruma hiyo mama aliibeba kama mzigo wa kuni. Hakupika tena. Alilitoboa pipa kwa shoka, na bomba la shaba alimpa fundi wa baiskeli bure. Mimi nilijua, au niliamini najua, kwamba si pombe yake bali ni kikombe changu, na sikufungua mdomo. Juma la matanga halijaisha nikaacha shule. Mama alinisihi nirudi. Mwalimu wa darasa alikuja mara mbili. Nilikataa, nikaanza kupika maandazi na kuuza ndizi barabarani. Miaka miwili baadaye mama naye akafa, homa ya siku chache tu, akiwa anaamini kwamba alimuua mumewe. Nikabaki na mdogo wangu wa kiume na mdogo wangu wa kike, na kila mtu kijijini akasema, "Binti huyu ana moyo."

Nimewalea. Wa kike ni mwalimu huko Mwanza. Wa kiume alisoma, akaja huku, akapata kazi na mke, na miaka hii ya karibuni ndiye aliyenitafutia nafasi ya kuhudumia wazee, nikaja nami, mtu mzima, kuanza upya na glavu za mpira.

Baada ya siku ile ya bourbon sikutulia. Kazini nilikunja shuka, nikalikunjua, nikalikunja tena. Nilishuka basi kituo kimoja kabla ya changu ili nitembee, kisha nikakipita changu. Kulikuwa na mzee mmoja kwenye nyumba yetu ya wazee aliyewahi kufanya kazi kwenye maghala ya bandarini, zamani meli zilipokuwa zikifika mpaka katikati ya London. Alikuwa ameviringisha mapipa ya wiski na ramu maisha yake yote. Kila jioni anaruhusiwa kizibo kimoja cha wiski, na kila jioni, nikimpelekea, ananitania vilevile: "Onja wewe kwanza, mama, usije ukaniua." Wenzangu hucheka. Mimi nilikuwa nikiweka glasi mezani na kuondoka kabla hajaigusa. Tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu sijawahi kuonja cha mtu kabla yake, hata chai, hata mchuzi. Watu hudhani ni adabu.

Siku zangu za mapumziko nikaanza kwenda kwenye viwanda. London imejaa viwanda vidogo vya kuchemsha pombe siku hizi, unalipa, unatembezwa, unaonjeshwa. Nilivizunguka kama mtu aliyepoteza kitu. Nilijifunza kwamba zamani kandokando ya mto Lea, ambao nauvuka nikienda mjini, kulikuwa na kiwanda kikubwa cha wiski, kisha kikafa, na kwa muda mrefu hapakuwa na wiski iliyotengenezwa mji huu mpaka vijana wa sasa walipoanza tena. Nilijifunza kwamba pipa la bourbon likishatoa bourbon yake husafirishwa hadi Uskochi na kulazwa wiski nyingine ndani yake. Nilipomsimulia mzee wa mapipa, alisema, "Hilo unaniambia mimi?" akakasirika siku nzima. Nilijua bei ya mwaloni na namna ya kuchoma ndani ya pipa. Nilijua kila kitu isipokuwa nilichokwenda kuuliza, kwa sababu kila ilipofika wakati wa maswali, mtu mwingine aliinua mkono akauliza habari za barafu, na mimi nikashukuru na kutoka.

Kiwanda cha tatu kilikuwa kando ya mfereji, Jumapili ya mvua, na tulikuwa watalii wanne tu. Aliyetutembeza ndiye mwenyewe aliyekuwa akichemsha, mwanamke wa umri wangu, mikono imejaa makovu madogo ya kuungua. Alikuwa na mtambo wa shaba mdogo kuliko nilivyotarajia. Mwishoni wengine walienda kwenye meza ya kuonjea. Mimi nilibaki karibu na mdomo wa bomba. Sikuweza kuondoka hapo.

"Una swali," alisema. Hakuuliza.

"Si la wiski."

"Hayo ndiyo mazuri."

Nikamwambia. Nilimwambia haraka, kwa Kiingereza changu cha kazini, huku nimeshika mkoba kwa mikono miwili. Pipa, ndizi, kikombe, mbuzi, masharubu, madirisha. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza maswali kama fundi: pipa lilikuwa na ukubwa gani, ndizi zilikamuliwa au zilipondwa na maganda, kikombe kilikuwa kikubwa kiasi gani. Nikamwonyesha kwa mikono. Akatazama mikono yangu kwa muda.

"Kikombe kimoja," alisema. "Kingemtapisha. Kingempasua kichwa siku mbili. Kumpofusha na kumuua, mimi sioni. Sumu ile ipo kwenye pombe kama hiyo, lakini kidogo, tena haiji yote mwanzoni kama watu wanavyosema. Pombe inayopofusha watu kwa kawaida mtu ameitia spiriti ya kiwandani, aiongeze ukali au wingi. Mama yako alikuwa anafanya hivyo?"

"Mama? Hapana. Hata maji hakuongeza."

"Wangapi walikunywa siku ile?"

Nikaanza kuwahesabu kwa vidole. Fundi baiskeli. Mjomba wetu. Wachimba visima wawili. Nilifika kumi na mmoja.

"Wangapi waliumwa?"

Hakuna. Hakuna hata mmoja. Fundi baiskeli aliishi mpaka akazeeka. Miaka yote ile sikuwa nimewahesabu, kwa sababu niliyekuwa nikimwona ni mtu mmoja tu, na kikombe.

"Na kabla ya siku ile, baba yako alikuwa wapi?"

Alikuwa msibani, ng'ambo ya bonde, siku mbili. Alirudi usiku wa kuamkia siku ile. Na nilikumbuka, kama mtu anayekumbuka ndoto ya mwaka jana, kwamba baadaye niliwasikia wakubwa wakisema kuna mtu wa upande ule naye amekufa ghafla, wakaona ninasikiliza, wakanyamaza. Huyo alikunywa nini, alikufaje, sijui. Hapakuwa na wa kumwambia mtoto.

"Mimi sikuwepo," yule mwanamke alisema. "Sitakudanganya kwamba nilikuwepo. Lakini kama ni kikombe tu, hapana."

Nilimshukuru. Alinipa glasi ya kuonja, nikaiacha pale pale. Nilidhani siku nikipata jibu nitalia au nitapumua. Nilichokipata ni hasira. Ilichukua dakika kumi! Dakika kumi, bure, kando ya mfereji, kitu ambacho mama alikwenda nacho kaburini kwa sababu binti yake hakusema "nilikiacha juu ya jiwe." Kama ningesema, labda mtu angeuliza maswali haya haya. Labda mtu angewahesabu.

Sikurudi Barking. Nilipanda treni kuelekea magharibi, nikabadilisha, nikaendelea mpaka Hounslow, anakokaa mdogo wangu, na njia nzima nilisimama ingawa viti vilikuwa wazi. Mama mmoja wa Kihindi alinionyesha kiti akidhani naumwa. Nikamwambia nashuka kituo kinachofuata, na vituo vikapita kumi.

Binti wa mdogo wangu alinifungulia mlango. Nikamsalimia kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza kwamba baba yuko jikoni na anaimba vibaya, akarudi kwenye simu yake. Kweli alikuwa anaimba. Alikuwa anamenya ndizi juu ya sinki, mkewe yuko zamu.

"Dada! Hukupiga simu. Kuna nini?"

"Endelea kumenya."

"Nani amekufa?"

"Baba."

Alinitazama na kisu mkononi. Nikamwambia yote, tangu mbuzi mpaka mfereji. Alikuwa na miaka sita baba alipokufa. Anachokumbuka ni mkeka na watu wengi. Alisikiliza akiwa amenipa mgongo, akaziweka ndizi kwenye sufuria moja moja, akawasha moto. Nilidhani atauliza kuhusu msiba wa ng'ambo ya bonde. Hakuuliza.

"Kwa hiyo ndiyo maana uliacha shule," alisema.

Niliweka mkoba juu ya meza.

"Mama alikuwa hai, Dada. Mwalimu alikuja mara mbili, wewe mwenyewe umenisimulia. Mimi nimewaambia watu wote kwamba dada yangu aliacha shule kwa kutupenda. Nimesema kwenye harusi yangu, kwenye maikrofoni."

"Nakumbuka. Ulilia."

"Usinichekeshe." Hakucheka. "Kumbe tulikuwa adhabu yako."

Hilo ndilo nililoogopa, na sikujua kuwa ndilo mpaka aliposema. Niliogopa kwamba mtu akiijua siku ile, ataihesabu upya miaka yangu yote, na hesabu haitabaki ile ile. Ningeweza kukataa. Nimewahi kumdanganya kwa mambo makubwa zaidi, nilimwambia nimekula wakati sijala. Lakini nilikuwa nimechoka kusimama.

"Mwanzoni," nilisema, nikavuta kiti. "Mwanzoni mlikuwa adhabu. Wewe ulikuwa unakojoa kitandani, unakataa uji, unamuuma dada yako. Adhabu ya kweli."

Mabega yake yalitikisika kidogo.

"Halafu?"

"Halafu sijui ni lini. Kuna siku ulipata homa, nikakubeba mgongoni mpaka zahanati, kule na kurudi. Usiku nikagundua siku nzima sikumfikiria baba hata mara moja. Nilikuwa nafikiria miguu yako inavyoburuza, jinsi ulivyokua. Yote mawili ni kweli, mdogo wangu. Siwezi kukutolea moja."

Aligeuka, akafungua kabati la juu, akatoa chupa. Ilikuwa ile bourbon ya siku ya matao ya reli. Nilimrudishia siku ile ile nikimwambia sina pa kuiweka. Akaweka vikombe viwili vya chai mezani na kukaa mbele yangu. Akakata utepe, akafungua, kisha akaisukuma chupa upande wangu.

"Nyumba yako," nilisema. "Tangulia."

"Chupa yako. Mwenye pombe ndiye anayeonja, si ndivyo?"

Niliinua chupa. Mkono wangu ulikuwa umeshaamua kabla yangu: niliinuka, nikaenda kwenye sinki, nikamwaga ya kwanza, kiasi cha kikombe kidogo.

"Dada! Hiyo kichwa chake kimeshatolewa, huko kwao!"

"Najua."

Nikarudi, nikakimiminia kikombe changu. Binti alikuwa amekuja mlangoni, amesikia kelele ya baba yake, anatutazama wote wawili na simu mkononi. Nikanywa. Ilishuka na moto wa mahindi na moshi wa pipa, nikakiweka kikombe chini, nikasubiri kidogo kama baba alivyokuwa akisubiri. Mdogo wangu hakugusa chake. Aliinama mbele, macho yake kwenye macho yangu.

"Unaniona?" aliuliza.

"Nakuona," nilisema. "Karibuni. Na ndizi zako zinaungua."